Jiwe Lililolala Kifudifudi kwa Mama Zaina

Juzi nilikwenda Fungurume kumwona binti yangu. Nilipopita sokoni, kijana mmoja akanishika mkono na kunionyesha yai la dinosaria. Lilikuwa la kijani. Nikamwuliza kama huyo dinosaria alikuwa anakula sombe, yaani majani ya mihogo, peke yake.

"Tata, iyi iko ya zamani sana," akasema. "Hata bazungu banaitafutaka."

Alikuwa na ukweli nusu. Lilikuwa donge la malakiti, yaani shaba iliyojikusanya kwa viduara ndani ya tundu la mwamba, na uzuri wake nausifu. Lakini yai si yai. Hakuna dinosaria aliyewahi kuweka mguu katika mawe tunayochimba Kolwezi, Tenke au Fungurume, kwa sababu mawe hayo yalipokuwa yakijitengeneza, mguu wenyewe ulikuwa haujabuniwa. Hakukuwa na samaki wala konokono, na hata mdudu wa kukuuma usiku hakuwapo. Sikumvunjia kijana biashara yake. Nilimshauri tu alitandikie nyasi, wateja waamini kwamba mama mtu katoka kidogo.

Ni huyo aliyenifanya niketi niandike. Ninyi vijana mnaoingia migodini siku hizi mna simu zinazojua kila kitu, na mkiuliza umri wa jiwe mnajibiwa kabla hamjafunga mdomo. Vizuri. Ila jibu la simu halitawaambia kama jiwe lenyewe limelala chali au kifudifudi, na kwetu hapa jambo hilo liliwahi kubaki kidogo tu limtoe mwanamke mmoja nyumbani kwake.

Mimi naitwa Ngoie, mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi niliyamalizia katika banda la karoti la kampuni moja ya shaba. Kabla hamjacheka, karoti zetu hazikupikwa. Mashine ya kutoboa inaposhuka ardhini hukata mwamba kwa duara na kuutoa kama fimbo, unene wa mkono wa mtoto aliyeshiba. Wakubwa waliziita karoti kwa Kifaransa chao, nasi tukarithi. Fimbo hizo hupangwa kwenye masanduku yenye mifereji, kuanzia kipande kilichotoka juu hadi kilichotoka chini, na kazi yangu ilikuwa kuziosha, kuzipima, kuzisoma, na kuzilinda na mvua, mbuzi na wageni wa heshima. Wageni wa heshima ndio waliokuwa wabaya zaidi. Mbuzi akiangusha karoti huiacha hapohapo alipoiangusha. Mgeni wa heshima huiinua, huitazama kwa macho ya kujua, kisha huirudisha kichwa chini miguu juu, anakupa mkono na kuondoka zake.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Kalenga, mkuu wa banda, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya na ulimi usiopumzika. Ulimi nausema kwa maana yake halisi, maana yule mzee alilamba kila jiwe. Jiwe kavu halionyeshi kitu, ni vumbi tu. Likilowa, mistari yake hujitokeza, rangi hukolea na nyufa huonekana. Sponji tulikuwa nayo, na ndoo ya maji pia, lakini Tata Kalenga alisema sponji ni ya watu wasioipenda kazi. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande.

"Lamba."

Nikalamba.

"Unaona nini?"

"Naonja chumvi, Tata."

"Nani alikuambia uonje? Petit, we mudogo, unalamba, njo unaangalia. Ulimi iko juu ya kuleta maji tu, haiko juu ya kula."

Nilijifunza. Jiwe linalonata ulimini lina udongo mwingi. Nyundo ikilia kengele, jiwe ni gumu na limekaza. Ikilia kama unapiga gunia, jihadhari, limeoza ndani. Ukitaka kutenganisha chokaa na dolomi, yaani ndugu wawili wa kijivu wanaofanana kupita kiasi, dondosha asidi: chokaa hutoa povu papo hapo, dolomi hukutazama tu hadi uikwangue kwa msumari upate unga. Na ukishatia asidi, usilambe tena. Nilimwona mtu akisahau, akakaa wiki nzima bila kubishana na mkewe.

Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, navyo vina mitego yake. Mwaka wangu wa kwanza nilipata bamba la jiwe lenye mchoro mweusi wa jani, kila kitawi mahali pake, zuri ajabu. Nilikuwa natafuta kupendwa na baba mkwe, mwalimu wa dini wa Kiprotestanti aliyenitilia shaka kwa sababu mimi Mkatoliki. Nikampelekea, nikamwambia ni jani lililoishi kabla ya gharika. Mzee akaliweka karibu na Biblia. Majirani wakaja kuona. Akalitolea mahubiri. Kisha, kwa ujinga wangu, nikamwalika Tata Kalenga tule bukari, ugali wetu, pale kwa baba mkwe. Akaliona jani, akalichukua, na mbele ya wazee wote wa kanisa akalilamba.

"Iyi haiko majani," akasema. "Iko maji ya manganizi ilipita mu ufa, ikakauka. Hata jana ingeweza kufanya bile."

Baba mkwe hakunisalimia mpaka Pasaka. Lakini nilielewa. Mchoro wa manganizi, madini meusi, hukaa juu ya ufa kama doa la chai, ukivunja jiwe upande mwingine haumo. Kilichoishi kweli kimejengwa pamoja na jiwe, kinapita ndani yake tabaka kwa tabaka, na ukikata popote unakikuta.

Sasa nifike kwenye umri, maana wengi huuliza tunajuaje. Kanuni ya kwanza hata nyanya yako anaijua: kilichotandikwa kwanza kiko chini. Matope yalitua chini ya maji, juu yake yakatua mengine, na mengine, yakagandamizwa yakawa jiwe. Kwa hiyo tabaka la chini ni kaka, la juu ni mdogo. Kanuni ya pili ni ya visukuku. Viumbe hawakuja wote siku moja, na waliokwisha kutoweka hawarudi. Ukikuta tabaka lenye konokono, basi ni la baada ya konokono kuanza kuishi. Ukikuta tabaka moja baada ya jingine lisilo na ganda wala mfupa, na mwamba wenyewe haukupikwa na moto wa ardhini, ujue pengine umerudi nyuma sana. Kanuni hizo mbili hukuambia nani mkubwa na nani mdogo, lakini hazikuambii miaka. Ukitaka miaka, unatafuta majivu ya volkano yaliyoangukia katikati ya matabaka. Ndani ya majivu hayo mna chembe ndogo ziitwazo zirkoni, zenye urani ndani yake, na urani hugeuka madini ya risasi polepole kwa mwendo usiobadilika. Wenye maabara hupima kiasi kilichogeuka na kilichobaki, wanapata umri. Hivyo ndivyo tunavyosema mawe yetu haya ya shaba yana karibu miaka milioni mia nane. Mimi sikuyahesabu, lakini wala hamkunihesabu mimi, na mnaamini nimezeeka.

Na humo ndani, kabla ya jicho na mkia, mlikuwa na wakazi. Mnaujua utelezi wa kijani unaoota ndani ya pipa la maji msilolisugua? Ndio hao. Bakteria. Walitanda chini ya bahari isiyo na kina, matope laini yakawaangukia, wakapanda juu yake kutafuta jua, yakawaangukia tena, wakapanda tena. Utando juu ya utando, wakajenga vichuguu vidogo vya mawe viitwavyo stromatoliti. Wao na jamaa zao ndio waliotoa pumzi tunayovuta. Ukikata kichuguu hicho unakuta mistari iliyopinda kama tao, na mgongo wa tao daima ulitazama juu, kwa sababu jua lilikuwa juu. Wekeni hilo akilini, ndilo lililobeba kisa changu chote.

Maana kanuni ya kwanza, ile ya kaka na mdogo, hapa Kolwezi ina kigeugeu. Mabara yalisukumana siku hizo za kale, matabaka yakakunjwa, yakakatika, vipande vikubwa kuliko mtaa mzima vikapinduka na kulala vilivyotaka. Ukichimba sehemu nyingine unashuka kuelekea kwa kaka. Sehemu nyingine unashuka kuelekea kwa mdogo, huku ukijipongeza. Ndiyo sababu karoti lazima ijulikane upande wake wa juu, na ndiyo sababu tuliwachukia wageni wa heshima.

Kampuni ilitaka kupanua shimo lake kuelekea cité ya Musonoi, mtaa wa makazi. Wakatoboa kisima kimoja cha utafiti ukingoni mwa avenue moja, yaani barabara ya mtaa huo. Mashine ikashuka katika dolomi ya kijivu, ikaangukia tundu, bomba likanasa, wakaacha. Karoti zikaletwa bandani. Zilikuwa zote za dolomi, zimejaa vichuguu, na vyote vilitazama chini.

Sasa, mkuu wa mashine ile alikuwa maarufu kwa lutuku, pombe yetu kali, kuliko kwa kutoboa. Tayari aliwahi kutupangia sanduku zima kinyumenyume kwa sababu alisimama upande wa pili. Tata Kalenga alipoona vichuguu vinatazama chini, hakusumbuka.

"Ule mulevi amerudia," akasema, na akageuza kipande baada ya kipande mpaka migongo yote ikatazama juu. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Sote tulicheka.

Matokeo ya kucheka kwetu yalikuwa hivi. Dolomi ile, ikiwa imelala chali kama ilivyozaliwa, kaka zake walio chini yake ndio wenye shaba na kobalti. Ikiwa imelala kifudifudi, wenye shaba walikuwa juu yake, na mvua za enzi zote zimekwisha kuwala. Chini yake mna wadogo wasio na kitu. Karoti zetu zilizogeuzwa zikasema chali. Ramani ikachorwa, na asubuhi moja watu wa kampuni wakapita avenue ile na kopo la rangi, wakatia msalaba mwekundu kila mlango. Maana yake: hamisheni vitu, shaba iko chini yenu.

Mlango mmoja ulikuwa wa Mama Zaina. Huyu alikuwa mjane, familia yao Waislamu kutoka upande wa Kasongo. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori, na nyumba ile aliijenga tofali kwa tofali kila aliporudi safari, mpaka safari moja hakurudi. Mama Zaina aliuza vitenge barazani, na mimi nilikuwa mteja wake kwa sababu mke wangu alinituma na kunikataza kuchagua mwenyewe. Watu wa rangi walipofika aliwaambia kwa upole kwamba haondoki. Wakamwambia atapewa mahali pengine. Akasema mahali pengine mumewe hakujenga.

Mdogo wake, Ramazani, alikuwa na mawazo tofauti. Naye alikuwa na lori, lakini akaona lori linachosha kuliko shimo. Kama shaba iko chini, alisema, kwa nini waichukue wao? Basi dada yake alipotaka choo kipya, kwa kuwa cha zamani kilikuwa kimejaa na msalaba mlangoni hauzuii tumbo, Ramazani alijitolea kukichimba kwa bidii ambayo hakuna mwanaume aliyewahi kuitolea choo cha dada yake. Akaleta wenzake wenye mitarimbo. Wakashuka, wakashuka, wakapiga mwamba wa kijivu wenye mistari. Ramazani akanipigia simu.

"Tata Ngoie, kuya uone. Mi minaona kama ni yenyewe."

Nikaenda. Nikashuka kwa ngazi. Choo cha zamani kilikuwa jirani mno na kipya, na kwa unyevunyevu uliokuwa ukipenya udongoni, nawaambieni wazi, siku hiyo sikulamba. Mama Zaina akaniteremshia birika lake la kutawadhia likiwa limejaa maji. Nikauosha ukuta wa mwamba. Mistari ikajitokeza, matao kwa matao, kichuguu kando ya kichuguu. Vyote vilitazama chini.

Niliosha mara ya pili. Ukuta wa mwamba haujui lutuku. Hakuna mtu aliyeupanga sandukuni, hakuna mgeni wa heshima aliyeugusa. Ulikuwa umelala pale ulipolazwa, kifudifudi. Nikakaa juu ya ndoo ya wachimbaji, kwa maana nilijua mara moja nani aliyegeuza karoti.

Nilipotoka, Ramazani akauliza, "Iko shaba?"

"Haiko."

Uso wake ulisinyaa. Mama Zaina, aliyesimama na kanga begani, aliutazama wangu.

"Tata Ngoie, unaona nini mu shimo yangu?"

Nikamwomba kitenge kimoja, kile cha bei ndogo chenye rangi upande mmoja tu. Nikamwuliza anajuaje upande wa juu.

"Uso yake iko na rangi, mugongo iko mweupe," akasema. "Mutoto anajua."

Nikamwambia jiwe nalo lina uso na mgongo, nikamwonyesha matao kwa kidole mchangani. Nikakunja vitenge vyake vitatu pamoja, nikavipindua, nikamwuliza kile kilichokuwa juu kiko wapi. Hakunisubiri nimalize.

"Donc, basi, nyumba yangu balisoma mugongo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na nani alisoma?"

Nikafuta matao yangu mchangani kwa mguu. Aliniangalia, akachukua birika lake, akaanza kukunja upya vitenge nilivyomharibia.

Kumwambia Tata Kalenga kulinipa shida kuliko kushuka chooni. Nilimpenda yule mzee. Kila ninachojua juu ya mawe kilipita mdomoni mwake kwanza, kwa namna zote mbili. Nilimkuta bandani akifoka juu ya mbuzi. Nikamweleza. Akakasirika.

"Ramazani anakupiga bubeshi, anakudanganya. Ule muntu anaweza kugeuza hata mama yake."

"Tata, haiko kipande. Ni ukuta. Mwamba bado uko ndani ya udongo."

Akavaa kofia yake ya kazi, ile ya plastiki iliyopasuka, akasema twende.

Ngazi ya Ramazani ilimtazama Tata Kalenga na kukataa. Ikabidi tumfunge kamba kiunoni na kuifunga upande wa pili kwenye lori, Ramazani akimteremsha polepole huku avenue nzima imetoka kuona mkuu wa banda akiingizwa chooni. Watoto waliimba. Mama Zaina akawafukuza kwa ufagio.

Nikachungulia kutoka juu. Alifika chini, akapanguza ukuta kwa mkono. Halafu akainama, na kwa heshima zote ninazompa marehemu, akalamba. Watu wakaguna. Yeye hakusikia. Akausogelea ukuta, akapitisha kidole juu ya tao moja, la pili, la tatu, akarudia. Akakaa juu ya ndoo ileile niliyokalia mimi. Tulimwacha.

Alipopandishwa, alimwendea Mama Zaina akiwa bado na kamba kiunoni.

"Mama, mulevi hakuwa na kosa. Alipanga muzuri," akasema. "Mi njo niligeuza."

Mama Zaina akamfungua ile kamba. Nilitamani amtukane, ingekuwa rahisi zaidi.

Asubuhi yake Tata Kalenga alikwenda mwenyewe kwa injinia, binti mmoja aliyeitwa Nadège, mkuu wa wanajiolojia wetu. Nilikwenda naye, nikasimama mlangoni. Alimweleza yote, bila kutaja lutuku. Nadège hakupiga kelele. Alisema tangu mwanzo alikuwa ameomba kisima cha pili, ofisi ikakataa, ikasema karoti za kwanza zinajieleza. Kisha akachukua kofia, akaenda Musonoi, akashuka ngazi, akapiga picha, akatoka na matope mpaka masikioni.

"Tata Kalenga," akasema, "tunatoboa ingine. Na sasa mi na we tutasimama pale mpaka mwisho."

Ofisi haikupenda, lakini picha ya ukuta ni ngumu kubishana nayo. Mashine ikaja, safari hii nyuma tu ya ua wa Mama Zaina. Kwa siku zote ilipokuwa ikinguruma, yeye aliuza vitenge barazani kama kawaida, ila nilimwona akikunja kitenge kimoja, akikikunjua, akikikunja tena. Aliniambia wazi anaogopa. Kwamba usiku akiwa kitandani anahesabu matofali ya mumewe na kuishia kulia. Avenue nayo iligawanyika: nusu waliomba shaba isiwepo, nusu waliomba iwepo nyingi, na wote waliomba kwa Mungu yuleyule.

Kila karoti ilipotoka bombani, Nadège aliishika ingali na matope, Tata Kalenga akaichora mistari miwili kwa kalamu nene, mwekundu kulia na mweusi kushoto ukitazama juu, kabla mtu yeyote hajaitia sandukuni. Mulevi, nasema kwa haki, alikuja kila asubuhi akiwa mkavu, bila tone la lutuku. Dolomi ya kijivu ikatoka, vichuguu vikitazama chini. Ikaendelea. Halafu ikakatika, na chini yake yakaanza kutoka mawe ya wale wadogo, mekundu na ya kijani yaliyofifia, yasiyo na shaba hata ya kutengenezea pete. Tata Kalenga akaketi chini kwenye tope. Nadège akasema maneno mawili tu.

"Iko kifudifudi."

Shimo la kampuni likageukia upande mwingine. Hakuna aliyekuja kuomba radhi avenue ile. Misalaba iliachwa tu ikae. Majirani waliichukulia chokaa na kuipaka juu. Ramazani alirudi kwenye lori lake akilalamika kwamba dada yake ndiye mwanamke pekee Kolwezi aliyefurahi kukosa utajiri.

Jumamosi moja Tata Kalenga alikuja kwa Mama Zaina na kopo la chokaa na brashi. Nilikuwepo, nimetumwa kitenge. Akaomba aufute msalaba wa mlangoni kwa mkono wake.

"Hapana, Tata," Mama Zaina akasema. "Achia. Mi mwenyewe nitajua siku ya kuipangusa."

Mzee akabaki na brashi inachuruzika. "Basi nifanye nini, Mama?"

"Malizia kabine yangu."

Na akaimalizia. Jumamosi baada ya Jumamosi, yule bingwa wa mawe aliyekuwa akisoma dunia kwa ulimi alijenga matofali ya choo huku Mama Zaina akimkosoa kona. Mwishoni mzee akaniita. Alikuwa amehifadhi kipande kimoja kilichovunjika ukutani mwa lile shimo, chenye kichuguu kizima, na alitaka kukiweka juu ya mlango. Aliniuliza upande wa juu ni upi. Nikamwonyesha. Akanichunguza, akauliza tena. Akakilowesha kwa sponji, mara ya kwanza nilipomwona akiitumia, akakiweka taratibu, mgongo wa tao ukitazama chini, kama kilivyolala ardhini.

Tata Kalenga amekwisha kuzikwa. Nyumba ipo, msalaba upo mlangoni umekuwa wa waridi kwa mvua, na choo kipo. Nenda Musonoi siku yoyote utakuta mgeni ametoka humo akifunga mkanda, anatazama juu ya mlango, anasema fundi aliyeweka jiwe hili alilipindua, leteni ngazi tulirekebishe. Mama Zaina hainui hata macho kwenye vitenge vyake.

"Balilikuta iko bile," anasema. "Hapana kugeuza."